Imeili Yako Nani Alikufungulia?

Mteja akiniletea simu au laptopu, kabla sijaigusa namuuliza: imeili yako nani alikufungulia? Wengi wanashangaa. Wamekuja na kioo kilichopasuka au mashine nzito, mimi nawauliza habari za imeili. Lakini kwa kazi hii ninayoifanya hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, nimeona watu wengi zaidi wakiumia kwa sababu ya akaunti kuliko kwa sababu ya kifaa.

Kioo kinabadilishwa, diski inabadilishwa, hata mashine nzima unaweza kupata nyingine ya mtumba ukajipanga upya. Akaunti iliyopotea haina spea. Na barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote: ukibonyeza "nimesahau neno la siri" karibu popote, iwe Facebook, iwe mfumo wa maombi ya mkopo wa chuo, iwe tovuti ya ajira, kiungo cha kuweka neno jipya kinatumwa kwenye barua pepe. Anayeishika barua pepe yako hahitaji kujua maneno yako mengine ya siri. Anayaomba upya, yanakuja kwake.

Moshi tuna msimu wetu. Desemba watoto wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, na zawadi ya siku hizi kwa mama ni simu janja. Kijana anakaa sebuleni, anaiwasha, anaingiza akaunti yake mwenyewe au anabuni mpya harakaharaka ili mama aanze kuona picha za wajukuu WhatsApp. Mwaka mpya ukiingia anarudi kazini. Kufikia Machi ile simu iko mezani kwangu.

Kuna mama mmoja wa Kibosho nilimhudumia ambaye habari yake inafanana na za wengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii simu inaniuliza kitu nisichokijua."

Mjukuu alikuwa ameichezea mpaka ikajifunga. Jirani akampeleka kwa kijana mmoja wa stendi, yule kijana akaifuta yote kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Ilipowaka ikadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Mama hakujua kama ana akaunti. Tukampigia mwanawe aliye Dar. Alikumbuka jina la akaunti nusunusu, neno la siri hakulikumbuka kabisa, na namba aliyoiweka ya kurejeshea akaunti ilikuwa laini yake ya zamani aliyokwisha kuitupa.

Hiyo simu haikuwa na ubovu wowote. Tangu Android 5.1 iliyotoka mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu bila akaunti kuondolewa kwanza, ikiwaka inataka akaunti ileile. Lengo ni simu ya wizi isiuzike. Ni kinga nzuri na ninaiunga mkono, ila haina namna ya kumtofautisha mwizi na mama mwenye simu yake. Mafundi wengine wanajua njia za kuirukia kinga hiyo. Mimi sizitumii, kwa sababu siwezi kuwa na uhakika na kila simu inayoletwa. Kilichotusaidia ni kumwambia yule mwana ajaribu kurejesha akaunti akiwa kwenye laptopu aliyowahi kuingilia akaunti hiyo, akiwa na intaneti ileile ya nyumbani kwake, kwani Google huangalia kifaa na mahali panapofahamika. Baada ya siku kadhaa akaunti ilirudi. Picha za mazishi ya marehemu mzee, zilizokuwa ndani ya simu tu, hazikurudi, maana hakuna aliyekuwa amewasha bekapu.

Kwa hiyo ukimnunulia mzazi simu, mfungulie akaunti kwa jina lake, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake yeye. Piga *106# kwenye laini hiyo uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kama ipo usiyoitambua ifuatilie kwa kampuni ya simu. Weka namba yako inayofanya kazi iwe ya kurejeshea. Washa bekapu ya picha. Halafu andika jina la akaunti na neno la siri kwenye daftari, lihifadhiwe pale zinapokaa karatasi za kihamba, shamba la ukoo. Najua wapo wanaosema neno la siri haliandikwi. Kwa mzee anayeishi Uru au Marangu sikubaliani nao. Anayemtafuta yuko mtandaoni, hafungui kabati la chumbani kwake.

Steshenari nako kuna jambo hilohilo. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, au ajira za serikali zikitangazwa, vijana wanapanga foleni mbele ya kompyuta moja. Asiye na barua pepe anafunguliwa hapohapo na dada wa kaunta, na dada huyo, ili asisahau, anawapa wateja wote neno la siri la aina moja: jina la kwanza na 123, au mwaka wa kuzaliwa. Nia yake ni njema na kazi yake ni ngumu. Ila kijana anatoka pale na karatasi iliyochapishwa, huku anwani itakayopokea majibu ya mkopo wake, cheti chake cha kuzaliwa na namba yake ya NIDA vikiwa wazi kwa yeyote atakayekalia kiti kile baada yake. Ni sawa na kujengewa nyumba ukaingia kulala huku funguo zimebaki kwa fundi.

Dawa yake haina gharama. Ukifika nyumbani badilisha neno la siri kwa simu yako, kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia. Kompyuta ya steshenari ukiiona humo, itoe. Na faili zako, vyeti hasa, zifute kwenye kompyuta yao kabla hujanyanyuka, pamoja na zilizo kwenye kapu la taka. Dada wa kaunta hatakasirika. Akikasirika, tafuta steshenari nyingine.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hofu zaidi katika mji huu unaoishi kwa mlima.

Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro ina nini? Mwenye kampuni, mhasibu wa nusu siku, waongozaji, wapishi na wapagazi wanaoitwa kazi ikipatikana, na barua pepe. Mgeni aliyeko Ujerumani hajawahi kumwona mwenye kampuni. Anachokijua ni maandishi kwenye skrini, na kwa maandishi hayo anatuma maelfu ya dola. Tapeli analijua hilo.

Kaka mmoja ninayemheshimu, mwenye kampuni ya namna hiyo, aliniita ofisini kwake akiwa amechanganyikiwa. Mke na mume waliolipia kupanda kwa njia ya Lemosho, siku nane, walikuwa wanasema wameshalipa salio lote. Benki yake haikuwa na kitu. Wakamtumia ankara waliyoilipia: nembo yake, jina lake, saini yake, bei ileile mpaka senti, ila akaunti ya benki ilikuwa ya nchi nyingine kabisa. Ujumbe ulioambatana nayo ulieleza kwamba akaunti ya kawaida iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo watumie hii kwa muda. Ulikuwa umetoka kwenye anwani yake halisi.

Nilikaa kwenye kompyuta yake. Sikuanza na antivairasi. Niliingia kwenye mipangilio ya barua pepe, sehemu ya kanuni, pale unapoweza kuagiza ujumbe wa aina fulani upelekwe mahali fulani wenyewe. Yeye hakujua kama sehemu hiyo ipo. Kulikuwa na kanuni moja, jina lake nukta tupu: kila ujumbe wenye maneno ya Kiingereza ya malipo, ankara au benki uhesabiwe umesomwa, kisha uhamishiwe kwenye folda ya RSS, ambayo karibu hakuna mtu huifungua. Tukaifungua. Mazungumzo yote yalikuwa humo. Mgeni anauliza kama ni kweli akaunti imebadilika. "Yeye" anajibu kwa upole kwamba ndiyo, na anawatakia safari njema. Kaka yule alisoma maneno ambayo hakuyaandika, chini yake jina lake, akanyamaza muda mrefu.

Aliingiliwaje? Wiki kadhaa nyuma alipokea ujumbe kutoka kwa wakala anayemfahamu, ambaye naye alikuwa ameshadukuliwa, wenye kiungo cha kufungua hati ya kundi la wageni. Kiungo kikafungua ukurasa unaofanana na wa barua pepe yake, ukamtaka aingie upya. Akaandika jina na neno la siri. Hati haikufunguka, akadhani ni mtandao, akaendelea na kazi. Hakuna virusi vilivyoingia kwenye mashine, na antivairasi yoyote ingesema mashine ni safi, na ingekuwa sahihi.

Wageni wale aliwapandisha. Ada za hifadhi hulipwa kabla ya kupanda na wapagazi hawali ahadi, kwa hiyo alikopa. Benki ya wageni hao ilijaribu kuirudisha ile pesa ikakuta imeshatolewa. Wizi wa namna hii umeenea dunia nzima: ripoti ya FBI ya Marekani kuhusu uhalifu wa mtandaoni ilionyesha hasara iliyoripotiwa kwao kwa utapeli wa barua pepe za kibiashara ni takriban dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023. Lakini kampuni kubwa ya Ulaya ikipoteza dola elfu nane inaandika kwenye vitabu vyake. Kampuni ya watu watatu ya Moshi inauza gari.

Ninachowaambia wenye ofisi za utalii ni hiki. Kwenye ankara ya kwanza kabisa andikeni kwamba akaunti yenu ya benki haibadiliki kwa barua pepe, na mgeni akiona mabadiliko apige simu namba iliyo kwenye tovuti. Nanyi mkipokea akaunti mpya kutoka kwa hoteli au wakala, pigeni simu, kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe huo. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri pekee lisitoshe kuingia. Na mkishadukuliwa, kubadilisha neno la siri tu hakumalizi kazi. Angalieni kanuni, angalieni kama ujumbe unapelekwa kwenye anwani nyingine, angalieni namba ya kurejeshea ni ya nani, kisha toeni vifaa vyote. Mwizi akishaweka kanuni yake, barua zinaendelea kumfuata hata baada ya kufuli kubadilishwa.

Kuna na wasiohitaji hata kuingia kwenye barua pepe yako. Wanasajili anwani inayotofautiana na yako kwa herufi moja. Chukua neno Kilimanjaro, toa m, weka r na n zikifuatana. Kwenye skrini ndogo ya simu hutaona tofauti. Soma anwani herufi kwa herufi kila pesa inapotajwa.

Mashine zenyewe nitazipitia haraka, kwa sababu matatizo yake mengi ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri. Laptopu nzito, inayochukua dakika nzima kufungua folda, mara nyingi ina diski ya zamani ya kuzunguka iliyochoka, au RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ndogo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager, uangalie: diski ikiwa asilimia 100 muda wote, badilisha uweke SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utadhani umenunua mashine mpya. Inayozima yenyewe ikipata joto ina vumbi kwenye feni. Vumbi la mji wetu wakati wa kiangazi ni laini, linaingia kila mahali, na kusafisha mara moja kwa mwaka kunatosha. Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, zima papo hapo, wala usikubali mtu yeyote akupigie Windows upya kabla faili hazijatolewa. Hapo kila dakika ya kuwasha inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Virusi vipo kweli, na kwetu njia yake kubwa bado ni flashi. Umechapisha kazi mjini, umerudi nyumbani, unafungua flashi unakuta kila folda ina kamshale pembeni, au folda moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Usiifomati. Faili zako zipo, zimefichwa tu. Zamani virusi hivi vilijiwasha vyenyewe flashi ikichomekwa, lakini Microsoft walilifunga dirisha hilo kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 wakalifunga kwenye matoleo ya nyuma yake. Ndiyo maana sasa vinakuhitaji wewe ubonyeze: kile kimshale kinafungua folda yako na wakati huohuo kinawasha virusi. Safisha kwanza kompyuta kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya flashi yako, mfano E:\*.*, na folda zitajitokeza. Baada ya hapo futa vimshale. Kazi ya kuchapisha ni bora uitume steshenari kwa barua pepe ikiwa PDF, flashi ibaki nyumbani.

Jambo la kukraki programu, yaani kuvunja kufuli la leseni ili usilipie, nalisema kila siku, wengine wananichoka. Naelewa bei. Leseni ya Windows au Office ni mshahara wa mtu. Lakini angalia maelekezo ya hizo programu za kukraki: la kwanza kabisa ni zima Defender. Unaondoa ulinzi uliokuja bure na Windows ili kukaribisha faili kutoka kwa mtu usiyemjua. Kwa njia hiyo ndiyo familia ya virusi vinavyoitwa STOP, au Djvu, ilivyoingia kwenye kompyuta za watu wa kawaida, wanafunzi na walimu. Vinafunga faili zako zote kwa msimbo, vinaacha barua iitwayo _readme.txt, na kudai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia, lakini inasaidia matoleo ya zamani na baadhi ya kesi ambazo virusi havikufika kwenye seva yao vikatumia ufunguo wa pamoja. Kama kompyuta ilikuwa na intaneti na ikapewa ufunguo wake peke yake, Emsisoft hawawezi kuzifungua faili hizo, wala mimi siwezi. Kitu kimoja wachache wanakijua: virusi hivyo hufunga kama kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video na nyimbo kubwa mara nyingine hurekebishika. Andiko la shahada ya uzamili halirekebishiki. Mwenye shida ya leseni aweke LibreOffice, ni bure kihalali, na inafungua hati za Word.

Masasisho nayo watu wanayazima ili kuokoa bando. Mnamo 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Sasisho la kuziba tundu la Windows ambalo virusi hivyo vilipitia lilikuwa limetoka Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Tumia bando la usiku au waifai ya ofisini, lakini sasisha. Na wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft walisitisha huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida waliojiandikisha ni hadi 13 Oktoba 2026. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini hapa zina prosesa za kizazi cha nne hadi cha saba, na Windows 11 rasmi inataka kuanzia cha nane kwa Intel. Muulize muuzaji kizazi kabla hujatoa pesa.

Limebaki la kufanya siku ukipigwa, kwa sababu saa ya kwanza ndiyo yenye faida. Kama WhatsApp yako imechukuliwa, kwa kawaida ni kwa sababu ulimpa mtu ile namba ya tarakimu sita akijifanya rafiki yako, au mtu wa kikundi cha kanisani. Sajili upya namba yako palepale. Namba mpya ikifika kwa SMS na ukaiingiza, yeye anatupwa nje. Akiwa ameweka PIN ya hatua mbili utasubiri siku saba kuingia, lakini naye hatakuwa ndani. Wapigie ndugu kwa sauti uwaambie wasitume pesa. Kama ni pesa ya simu au benki, piga huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye kadi au kwenye tovuti yao, waombe wazuie muamala. Zile SMS za "ile hela itume kwenye namba hii" ziripoti kwa kuzituma 15040.

Kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na jambo lako ni kosa la jinai hata kama kiasi ni kidogo. Watu wengi wanakuja kwangu wameshafuta kila kitu, kwa hasira au kwa aibu, na hapo askari anakosa pa kuanzia. Piga picha ya skrini kwanza, namba, tarehe na anwani zikionekana, itume kwa mtu unayemwamini, ndipo uanze kusafisha.